Foleni ya Juni isikufanye ununue mashine ya pili

KILA mwaka alizeti inapovunwa, mashine za kukamua mafuta mkoani Singida huelemewa na kazi. Magunia hupangwa hadi nje ya banda na wateja hulala hapo wakisubiri zamu. Hapo ndipo mwenye mashine huanza kuwaza kununua ya pili, na wengine huweka nyumba rehani ili wapate mkopo. Kwa maoni yangu, huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kufanya uamuzi huo.

Foleni ya wiki chache haionyeshi hali ya mwaka mzima. Tazama Novemba na Desemba: je, bado una alizeti ya kukamua? Kama mashine ya kwanza imelala, ya pili nayo italala, lakini riba ya benki hailali.

Tuchukue mfano. Mashine ya Sh milioni 12 itakayodumu miaka sita inatakiwa irudishe Sh milioni 2 kila mwaka. Kama kila gunia linakuachia Sh 2,000 baada ya kulipa umeme na vibarua, unahitaji magunia 1,000 ya ziada kila mwaka, bado riba na vipuri. Magunia hayo yatatoka wapi?

Biashara ya msimu huwaumiza hata matajiri. Cedar Point, kiwanja kikubwa cha mabembea huko Ohio, Marekani, hufungwa wakati wa baridi. Mwaka 2003 kilijenga bembea ya reli yenye urefu wa mita 128 kwa dola milioni 25. Mwaka 2021 ilisimamishwa baada ya ajali. Ilijengwa upya na kufunguliwa Mei 2024, lakini baada ya siku chache ikasimama tena kwa sehemu yote ya msimu iliyobaki. Kiwanja kile kilikuwa na mabembea mengine mengi ya kuziba pengo. Mkamuaji wa Iramba au Mkalama hana.

Kwetu kuna hatari nyingine: bei. Mwaka 2023 wakulima wa Singida walilalamika kuwa bei ya alizeti imeanguka huku mafuta kutoka nje yakiwa mengi sokoni. Mkulima aliyepata hasara hupunguza shamba la alizeti msimu unaofuata. Mwenye mashine mbili hubaki na chuma na deni.

Wapo watakaosema kuwa mteja akichoka kusubiri atahamia kwa jirani. Ni kweli. Lakini anza na yale ya gharama ndogo. Mashudu yakitoka na mafuta mengi, badilisha vipuri vilivyochakaa. Nunua kichujio kizuri. Jenga ghala na utenge fedha za kununua alizeti wakati wa mavuno, ili mashine iliyopo ifanye kazi miezi mingi zaidi.

Andika magunia ya kila mwezi kwa misimu mitatu. Ikiwa ghala limejaa, mashine inafanya kazi hadi mwisho wa mwaka na bado unawarudisha wateja, basi nunua ya pili. Kabla ya hapo, usiweke nyumba rehani.