Waliovamia meli ya nafaka hawakuwa wahuni

Machi 1629, zaidi ya wanawake mia moja, wengine wakiwa na watoto wao, walipanda meli iliyokuwa ikipakia nafaka karibu na mji wa Maldon, kaunti ya Essex, Uingereza, wakawalazimisha mabaharia kuwajazia nafaka kwenye aproni na kofia zao. Ni rahisi kuuita huo uhuni. Mimi nakataa. Tangu 1587 serikali ya Malkia Elizabeth I ilikuwa imewaagiza mahakimu, nyakati za uhaba, wakague maghala, wawashurutishe wenye akiba kuleta nafaka sokoni na wahakikishe maskini wanapata ya kununua. Essex ilikuwa imeshadorora kwa kuanguka kwa biashara ya vitambaa, na bado chakula kilisafirishwa ng'ambo mbele ya macho ya wenye njaa. Wanawake wale walitekeleza kwa mikono yao agizo ambalo wakubwa walilipuuza.

Mtu atauliza: kama walikuwa na haki, mbona kiongozi wao, Ann Carter, alinyongwa? Swali ni zito, lakini tutazame tarehe. Kwa tukio la Machi hakuna aliyenyongwa. Kitanzi kilikuja Mei, Carter aliporudi na mamia ya wafumaji wasio na kazi. Serikali iliogopa umati uliojipanga kuliko ilivyochukia wizi wa nafaka. Na mwaka 1630 serikali ya Mfalme Charles I ilitoa upya maagizo yaleyale ya kukagua maghala, Carter akiwa tayari kaburini.