Taa za kazi zisinyonye waya wa rivasi
BONDENI, safu ya kila wiki
Na Kasian Mbunda

Masika yakishalowesha Bonde la Kilombero, gari linalobeba mizigo kati ya Ifakara, Idete na Mbingu hulazimika kurudi nyuma gizani mahali ambapo dereva haoni lolote: ukingo wa jaruba, mtaro uliojaa maji, mtu aliyeinama na gunia begani. Balbu ya rivasi iliyotoka kiwandani kwa kawaida ni ya wati 21, na ikishapakwa tope haina msaada. Wenye Land Cruiser mkonga na pikapu za mashamba wanaoongeza taa nyuma nawaunga mkono kabisa. Ninachopinga ni ufungaji wa njia ya mkato: fundi anachuna waya wa balbu ile ile, anasokotea waya wa taa mpya, anazungushia tepu, kisha anapokea hela yake.

Tupige hesabu. Taa nne za LED za wati 48 kila moja ni wati 192, na kwenye umeme wa volti 12 hizo zinavuta ampea 16. Waya wa rivasi ulipimwa kwa balbu mbili ndogo zinazovuta chini ya ampea 4. Ukiulazimisha waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba, wenye urefu wa mita tano, ubebe ampea 16, volti takriban 3 zinapotea njiani na kugeuka joto ndani ya maganda yake. Fyuzi itakatika, na hapo ndipo hatari halisi inapoanza, kwa sababu wengi hawaulizi imekatika kwa nini. Wanaweka kubwa zaidi. Fyuzi hailindi taa, inalinda waya. Ukiipandisha, umeuondolea waya ulinzi wake, na waya huo unapita chini ya zulia, karibu na tangi la mafuta.

Njia sahihi inajulikana. Waya wa milimita 2.5 za mraba utoke kwenye betri, uwekewe fyuzi ya ampea 20 hapo hapo karibu na betri, uingie kwenye rilei mguu wa 30 na kutokea mguu wa 87 kuelekea kwenye taa. Waya wa rivasi uishie kwenye mguu wa 86, ambapo kazi yake ni kuiamsha rilei tu kwa umeme mdogo sana, na mguu wa 85 uende bodi. Kila tundu la bati linalopitisha waya liwekwe mpira, maana mtikisiko wa barabara zetu utayala maganda. Viungo vikazwe na kuzibwa maji yasiingie.

Kuna watakaosema rilei ni gharama ya bure na kwamba fundi wao amefunga magari mengi bila tatizo. Kwa taa moja ya wati 15 wako sahihi: inavuta zaidi kidogo ya ampea moja, na waya wa kiwandani utaimudu. Kwa hiyo hesabu wati kwanza, ndipo ubishane. Zikiwa taa kubwa, bei ya rilei na fyuzi haifikii hata robo ya gharama ya kubadili waya za gari zima zilizoyeyuka.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba taa za nyuma zinahitajika hata gari likiwa limesimama, wakati wa kupakia mpunga usiku. Ni kweli, na ndiyo sababu taa ya kupakilia ipewe swichi yake, fyuzi yake na kitaa chekundu mbele ya dereva cha kumkumbusha kuwa inawaka. Taa ya rivasi huwaka kwa dakika moja. Ya kupakilia huwaka kwa saa nyingi, na ampea 16 kwa saa nne ni ampea-saa 64, karibu betri nzima ya 70. Injini ikizimwa, taa za wati ndogo zinatosha. Nazo zielekezwe chini, kwenye ardhi ya kupakilia. Dereva akizisahau zikiwaka akaingia barabarani, mwendesha baiskeli au bodaboda anayemfuata hataona shimo wala mtembea kwa miguu. Bonde hili linaishi kwa baiskeli. Mwenye gari akilichukua kwa fundi, alijaribu usiku, asimame mita hamsini nyuma yake, na kama mwanga unampiga machoni, arudishe taa zikafungwe upya.