Gari za Waya: Mikono ya Mtoto, Macho ya Mama

Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hukifagia kila asubuhi pamoja na majani ya mwembe, nacho ni vipande vya waya. Mwenye mtoto wa miaka saba hadi kumi na tatu anajua tunachosema. Waya uko chini ya kitanda, waya uko mfukoni mwa kaptura, na hanga la nguo ya Jumapili limetoweka kabatini. Ukiuliza unajibiwa, "Mama, natengeneza gari."

Hapo baadhi yetu hukasirika, tukakusanya waya wote na kuutupa jaani. Wengine husema, "Mwache, mtoto akililia wembe mpe," wakaendelea na mapishi. Sisi tulio wauguzi, na ambao Jumamosi hukaa na watoto uani kanisani, tunaona njia zote mbili zina hasara. Ya kwanza inamnyima mtoto skuli nzuri isiyo na ada. Ya pili inaweza kumnyima jicho.

Gari zenyewe

Hapa Unguja utaziona kuanzia vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka viwanja vya shamba. Fremu ni ya waya, bodi ni ya kopo la mafuta ya kupikia, magurudumu ni vizibo vya soda au kandambili kuukuu iliyokatwa mviringo. Usukani ni waya mrefu unaofika kifuani, ili dereva aendeshe huku akitembea. Bara ni hivyo hivyo. Malawi watoto huziita galimoto, na mwaka 1990 mwandishi Karen Lynn Williams alilitumia jina hilo kwa kitabu chake cha hadithi ya mtoto anayetafuta waya kijiji kizima ili aunde gari.

Kizibo cha soda hutobolewa kwa msumari na gurudumu limekwisha. Lakini mtoto akifika umri fulani hataki tena kizibo. Ameiona baiskeli ya baba, naye anataka gurudumu lenye spoki kama la kweli. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, na hapo ndipo inapokuwa na faida.

Siri ya spoki

Chukua spoki moja ya baiskeli, isimamishe mezani na uikandamize kwa kiganja. Itapinda. Sasa shika ncha mbili uivute. Hutaweza kuikata hata ukiwa na nguvu za kuchota ndoo kumi. Gurudumu la spoki linabeba mtu na gunia lake kwa sababu hiyo: spoki zote zimekazwa, hii inavuta huku na ile inavuta kule, na kitovu kinabaki katikati. Moja ikilegea, gurudumu huanza kuyumba.

Jambo hili lilichukua muda kufahamika. Mwingereza George Cayley, aliyekuwa akitafuta gurudumu jepesi la chombo chake cha kuruka angani, alilifikiria mwaka 1808. Mwaka 1874 James Starley wa mji wa Coventry alipata hataza ya kuzipitisha spoki kimshazari, kama zilivyo katika baiskeli zetu mpaka leo. Akina mama washonaji watafurahi kujua kwamba Starley alifanya kazi kwenye vyerehani kabla ya kuingia katika baiskeli.

Wala msidhani huu ni mchezo wa watoto maskini tu. Marekani kuna mashindano ya gari ndefu na nyembamba zinazokimbia kwa mstari ulionyooka, kwa kawaida robo maili, yaani kama mita 402. Nyingi ya gari hizo za zamani zilikuwa na magurudumu ya mbele membamba yenye spoki, karibu kama ya baiskeli. Wako watu wazima wanaounda mifano yake midogo nyumbani. Mfano ukiwa umepunguzwa mara 25, gurudumu la sentimita 45 linakuwa na upana usiofika sentimita 2. Ndani ya kiduara hicho hupitisha spoki moja moja, wengine kwa nyuzi za chuma, wengine kwa mshipi mwembamba wa kuvulia samaki. Hukaa usiku kucha kwa gurudumu moja. Tunapomwambia mtoto wetu kwamba anachezea takataka, tukumbuke hao.

Jinsi ya kulitengeneza

Tunaeleza hapa ili mama aweze kukaa na mwanawe na kumsaidia. Vifaa ni plaizi, waya mnene kama wa hanga, waya mwembamba laini ambao waashi hufungia nondo, kalamu ya Bic iliyokwisha wino, na kipande cha tyubu ya baiskeli.

1. Zungusha waya mnene mara mbili kwenye kopo la maziwa, kisha zifunge ncha kwa waya mwembamba. Tumia kopo lile lile kwa magurudumu yote manne ili yalingane.

2. Kata kipande cha sentimita 2 cha mwili wa kalamu. Hicho ndicho kitovu. Kizungushie waya mwembamba kwa kubana ili spoki zipate pa kushika.

3. Laza duara juu ya karatasi, lichore, kisha pitisha mistari katikati kama unavyoukata mkate wa kumimina, vipande vinane vilivyo sawa. Kitovu kikae pale mistari inapokutana.

4. Anza na spoki nne za msalaba. Ukifunga ya juu, inayofuata ni ya chini, si ya jirani yake. Ukifunga ya kulia, fuata ya kushoto. Mtoto akizifunga kwa kufuata mzunguko, kitovu kitavutwa upande mmoja na gurudumu litakwenda kama bata. Msalaba ukishasimama, ndipo nne za katikati zinapofungwa.

5. Pitisha waya ulionyooka kwenye kitovu na uzungushe gurudumu. Likiyumba, tafuta spoki iliyolegea na uisokote kidogo kwa plaizi mpaka ikaze. Zungusha tena.

6. Vika ukanda wa tyubu kuzunguka duara. Ndio tairi, na pia unafunika ncha zote zenye makali.

Gurudumu la kwanza halitakuwa zuri. La nne litakuwa zuri kuliko la kwanza, na mtoto ataomba alifungue la kwanza alifanye upya. Msimkataze. Mtoto ambaye mwalimu analalamika kuwa hatulii darasani, tumemwona akikaa saa mbili juu ya spoki nane. Anahesabu, anagawa duara, mkono na jicho vinajifunza kwenda pamoja, na hakuna aliyemchapa. Anayetaka zaidi mpelekeni kwa fundi baiskeli wa mtaani ahesabu spoki. Katika zile baiskeli kubwa za mtindo wa Kiingereza, kwa kawaida atakuta 32 mbele na 40 nyuma. Aulize mwenyewe kwa nini nyuma ni nyingi, na fundi atamwonyesha mahali mzigo unapokaa.

Tena tusiwasahau binti zetu. Mkono unaosuka ukili na kudarizi hauwezi kushindwa na waya. Mchezo ni haki ya kila mtoto. Imeandikwa katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991.

Jicho halina spea

Sasa tuje kwenye jambo linalotukosesha usingizi. Tunamkumbuka mtoto mmoja wa miaka tisa aliyeletwa siku ya nne baada ya kuumia. Alikuwa akikata waya, kipande kikamrukia jichoni. Nyumbani walimtilia maziwa ya mama, kesho yake maji ya majani, wakasubiri wekundu upungue. Mama yake hakuwa mzembe. Alifanya alivyofundishwa na waliomtangulia. Jicho lile halikuokoka. Mtoto alituuliza kama litaota jengine, kama jino.

Kwa hiyo akina mama, wembe wa methali tusiumpe mtoto peke yake. Tumpe waya, pamoja na kanuni hizi:

Kazi ifanyike mahali pamoja, penye mwanga, na wadogo wasiotambaa mbali wawe upande mwengine na mtu mkubwa.

Anapokata, waya uelekee chini na ncha ya pili aishike au aifunike kwa kitambaa. Avae miwani yoyote, hata ya jua iliyokwaruzika.

Kila ncha ikunjwe. Ncha ya usukani hasa ifanywe kitanzi, maana huwa sawasawa na uso wa mdogo wake.

Wembe wa kukatia mpira ashike mama, au atumie mkasi.

Asichome matairi wala nyaya za umeme ili kupata waya wa ndani. Moshi ule ni sumu kwa mapafu, na mwenye pumu anaweza kuzidiwa hapo hapo. Nyaya zilizo ukutani au kwenye kifaa kilichochomekwa kwenye umeme asiziguse kabisa.

Asiyeyushe risasi za nyavu ili kutia gari uzito. Risasi huharibu ubongo wa mtoto polepole bila yeye kuhisi maumivu. Jiwe linatosha.

Akishaumia

Jicho likichomwa, usilisugue, usilibonyeze, usichomoe kilichoingia. Usitie maziwa, asali, majani wala dawa iliyobaki ya mtu mwengine. Lifunike kwa kikombe safi cha plastiki au karatasi, kingo zake zikae juu ya mifupa inayolizunguka jicho, ulifunge taratibu kwa kitambaa, na uende hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku na mtoto anasema anaona. Kidonda kidogo cha jicho huenda kisiume sana siku ya kwanza, na hilo ndilo linalotudanganya.

Mkono au mguu ukichomwa, uoshe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa, uukaushe na uufunike kwa kitambaa safi. Kidonda kikiwa kirefu, au kimeingia udongo, nenda kituo cha afya. Wengi hudhani kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Si kutu. Ni vijidudu vinavyoishi kwenye udongo na mavi ya wanyama, na waya uliookotwa uani umelala humo. Kinga ni chanjo. Hapa kwetu mtoto huipata ndani ya sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na tangu 2017 Shirika la Afya Duniani linashauri dozi tatu za kuongeza nguvu: katika mwaka wa pili wa umri, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya miaka 9 na 15. Mtoto anayeunda gari za waya yuko katika umri huo hasa. Nenda na kadi yake ya kliniki, umwonyeshe muuguzi, umwulize kipi kimebaki. Kama kadi imepotea, sema imepotea. Hatutakugombeza.

La kufanya mwezi huu

Tafuteni kopo moja kubwa lenye kifuniko, mlipe jina "gereji". Waya wote uingie humo jioni, na asubuhi usionekane sakafuni. Mtoto atunze kopo lake mwenyewe. Mama achague siku moja ya wiki, baada ya chakula cha mchana, akae naye kwenye mkeka hata nusu saa, mmoja akikata na mwengine akishika ncha. Gurudumu likikamilika, mpigieni makofi, kisha mwambieni alionyeshe kwa babu yake.

Mama mwenye swali kuhusu chanjo au kidonda atuandikie kupitia mhariri. Tukutane mwezi ujao.