Geti la nyumbani: pima chuma kama unavyopima viazi

Tangu viazi vianze kuuzwa msimu huu, simu nyingi zinazoingia kwenye kipindi chetu cha asubuhi zinauliza jambo moja: geti la uzio linagharimu kiasi gani? Mama mmoja kutoka upande wa Ludewa alitusimulia hewani kwamba fundi alimpa bei siku ya Jumatatu. Akauza magunia yake, akarudi Ijumaa na fedha kamili, akaambiwa vyuma vimepanda. Aliniita mwanangu, akataka nimwambie anayeipanga hiyo bei ni nani.

Swali lake ni la haki, na linawahusu wengi. Geti si kitu cha anasa. Ng'ombe mmoja akitoka usiku, au jenereta ikiibiwa, hasara yake inaweza kuzidi bei ya geti. Lakini geti ambalo fedha zake ziliishia njiani halilindi chochote.

Bei inaanzia wapi

Fundi wa kuchomelea hatengenezi chuma, anakinunua. Viwanda vyetu hutengeneza nondo kwa vyuma chakavu na kwa malighafi ya kuagiza. Shiti na paipu za skwea nyingi zinatokana na makoili ya chuma yanayotoka nje ya nchi, na hayo hununuliwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa zaidi kidogo ya shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilivuka 2,600, kisha mwishoni mwa mwaka huo ikashuka tena. Kupanda kule kulifika madukani. Kushuka huchelewa, kwa sababu mwenye duka bado anauza mzigo alioununua kwa bei ya juu.

Kuna na kodi. Julai 2022 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia ushuru wa asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika zinazotoka nje ya Jumuiya, na katika orodha hiyo zimo bidhaa za chuma na rangi. Lengo ni kulinda viwanda vya ndani, ingawa kila mwaka wa bajeti nchi inaweza kuomba kiwango tofauti kwa bidhaa fulani. Juu yake ipo VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Kwa kiwango hicho, katika kila shilingi 118,000 unazolipa kwenye duka linalotoza VAT, shilingi 18,000 ni kodi. Ongeza na mafuta ya lori kutoka Dar es Salaam hadi kwetu Njombe.

Kinachouma ni kwamba chuma tunacho hapa hapa. Mlima wa Liganga, wilayani Ludewa, unatajwa kuwa na tani milioni 126 za mawe ya chuma. Mkataba na wawekezaji kutoka China ulisainiwa mwaka 2011. Miaka imepita kwa mazungumzo, na geti unalochomelewa leo halina chuma cha Liganga. Hilo ni la kumuuliza mbunge. La kwako leo ni hesabu.

Usikadirie geti, kadiria vyuma

Kosa letu kubwa ni kuuliza geti bei gani, na kujibiwa kwa neno moja. Uliza vyuma vingapi, vya unene gani. Tuchukue mfano wa geti la futi 12 kwa upana na futi 6 kwa kimo, lenye milango miwili inayofungukia katikati. Pikapu inapita, mkokoteni unapita. Futi 4 za chini zimezibwa kwa shiti, futi 2 za juu zina nondo.

Shiti moja ni futi 8 kwa 4. Eneo la kuziba linahitaji shiti moja na nusu, lakini duka haliuzi nusu, kwa hiyo utalipia mbili. Nusu inayobaki ni mali yako, idai. Fremu ya milango yote miwili, pamoja na paipu ya katikati na ya mshazari, inakula karibu mita 23 za paipu ya skwea. Hizo ni paipu nne za mita 6, na ya tano kama za dukani ni fupi. Juu, nondo moja ya mita 12 inatosha vipande 20 vya chini kidogo ya futi 2.

Kisha andika vinavyosahaulika: bawaba, komeo na kufuli, fimbo za kuchomelea, diski za kukatia, rangi ya kuzuia kutu, rangi ya juu na thina. Mwisho weka ufundi, na usafiri kutoka karakana hadi kwako. Nenda na orodha hiyo kwenye maduka mawili au matatu. Hapo ndipo utajua fundi anakutajia bei ya kweli au la.

Fedha inapotelea kwenye unene

Wakulima wa viazi tumelalamikia lumbesa miaka yote, tukidai mizani. Ajabu ni kwamba tukienda kununua chuma tunasahau mizani yetu wenyewe.

Shiti ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 1.5 ina uzito wa karibu kilo 35. Ya milimita 1.2 ina kilo 28. Kwa macho zinafanana kabisa. Paipu ya skwea ya milimita 40, yenye urefu wa mita 6, inakaribia kilo 11 ikiwa na unene wa 1.5, na haifiki kilo 9 ikiwa ya 1.2. Kwa geti letu la mfano, shiti mbili na paipu nne, ukilipia nene ukapewa nyembamba umepoteza zaidi ya kilo 20 za chuma. Mkitumia lugha ya geji, kumbuka namba ikiwa kubwa chuma ni chembamba: geji 18 ni nyembamba kuliko geji 16.

Kwa hiyo chuma kipimwe kabla hakijakatwa. Mizani inayopima gunia la viazi inapima na shiti.

Nguzo nazo ni geti

Nyumbani kwa mama yangu tulibana fedha kwenye nguzo. Zilichimbiwa futi moja na nusu, zege kidogo. Mvua za kwanza tu, nguzo moja ikainama na mlango ukaanza kuburuza chini. Tulilipa fundi mara ya pili kung'oa na kusimamisha upya.

Kila mlango wa geti la mfano una uzito wa karibu kilo 50, na unaning'inia upande mmoja. Chimba shimo la sentimita 45 kwa 45, kina cha 75. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, kwa mchanganyiko wa 1:2:4, unajaza shimo moja la namna hiyo. Weka mifuko miwili kwenye bajeti, na mchanga na kokoto zake. Usitundike milango kabla zege halijakaa walau wiki moja.

Kama fedha haitoshi, punguza vizuri. Usipunguze unene wa fremu wala nguzo. Punguza shiti: weka fremu ya chuma, uzibe kwa mbao zilizotiwa dawa, ambazo mkoa wetu unazo. Siku ukipata, utabadilisha mbao.

Kabla ya kutoa advansi

Yule mama wa Ludewa hakudanganywa lazima. Huenda bei ilipanda kweli. Lakini hakuwa na karatasi, na fundi hakuwa na vyuma mkononi. Njia salama ni kununua vyuma mwenyewe siku unayopewa bei, dukani, na kudai risiti. Fundi umlipe ufundi wake kwa awamu: sehemu anapoanza, sehemu fremu ikikamilika, na ya mwisho geti likifunguka na kufungwa bila kuburuza. Vipimo, unene na tarehe viandikwe, nyote wawili muweke sahihi mbele ya jirani.

Bei ya dola na ya Liganga haiko mikononi mwetu wanakijiji. Mizani na karatasi viko. Ukishapiga hesabu ya geti lako, tupigie asubuhi utuambie umepata kilo ngapi, ili na wengine wajifunze.