Mtoto Mwenye Shoto: Tabia Yake Ni ya Nani?

Miongoni mwa maneno ambayo walimu hupenda kuyatumia waelezapo habari za wanafunzi wao, neno "tabia" ni la mbele. Huyu ana tabia ya uvivu. Yule ana tabia ya ukaidi. Mwingine tabia yake ni kujificha nyuma ya wenzake. Husemwa hivyo kana kwamba tabia ni kitu ambacho mtoto amezaliwa nacho, mfano wa rangi ya macho yake. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya yale tuyaitayo tabia za mtoto ni kazi ya watu wengi: wazazi, jamii, mtoto mwenyewe, na, tusisahau, mwalimu. Ili tusizungumze hewani, tumechagua mfano mmoja mdogo ambao kila mwanachuo hana budi kukutana nao katika kazi yake: mtoto anayetumia mkono wa kushoto.

Kwa hesabu ya jumla, mtu 1 kati ya 10 duniani ana shoto. Darasa la watoto 60, basi, laweza kuwa na watoto 5 au 6 wa namna hiyo. Hata hivyo, mwanachuo apitaye kati ya madawati ya Darasa la Kwanza na kutazama mikono iliyoshika kalamu pengine atamwona mmoja tu, au asimwone hata mmoja. Je, wengine wamekwenda wapi?

Maumbile na Malezi

Kwanza yafaa tukubaliane kwamba shoto si ukaidi. Mtaalamu Peter Hepper na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, waliwachunguza watoto wakiwa bado tumboni mwa mama zao, wakaangalia kila mmoja ananyonya kidole gumba cha mkono upi. Baadaye waliwafuata watoto 75 kati ya hao walipokuwa wamefikia umri wa kwenda shule, na matokeo yakatangazwa mwaka 2005. Watoto 60 walionyonya gumba la kulia wote walitumia mkono wa kulia. Kati ya 15 walionyonya gumba la kushoto, 10 walikuwa na shoto, na 5 walikuwa wakitumia mkono wa kulia. Hapa tunajifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwelekeo wa mkono huanza kabla mtoto hajaonja uji wa kwanza, wala hajasikia amri ya mtu yeyote. La pili ni kwamba mwelekeo huo si pingu. Baadhi ya watoto huugeuza, kwa sababu zao au kwa sababu za waliowazunguka.

Nguvu ya wanaomzunguka mtoto yaonekana wazi zaidi tukitazama historia. Huko Uingereza na Marekani, miongoni mwa watu waliozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, walioandika kwa mkono wa kushoto walikuwa kiasi cha 3 au 4 tu katika kila 100. Miongoni mwa waliozaliwa katikati ya karne hiyo, idadi ilikuwa imepita 10 katika kila 100. Je, damu ya watu ilibadilika kwa muda wa miaka 50? La hasha. Kilichobadilika ni shule na nyumba. Walimu waliacha kuwafunga watoto mikono na kuwapiga kwa rula, na watoto ambao zamani wangejificha wakaonekana.

Nyumbani

Mtoto huanza kufundishwa habari za mikono yake kwenye sinia la chakula. Anyooshapo mkono wa kushoto kumega ugali, mama huushika na kuurudisha, na bibi humwambia kwamba mkono huo ni mchafu. Akipokea kitu kwa mkono huo mbele ya mgeni, huambiwa hana adabu. Hakuna ubaya uliokusudiwa hapo. Wazazi wanamwandaa mtoto wao aishi na watu bila kuaibika, na mkono wa kushoto umetengewa kazi za usafi wa mwili katika nyumba nyingi. Waislamu, zaidi ya hayo, wamefundishwa na dini yao kula na kunywa kwa mkono wa kulia.

Lakini mtoto wa miaka minne hana uwezo wa kupambanua. Haambiwi, "Mkono huu usile." Huambiwa, "Mkono huu ni mbaya." Naye anapoona kwamba mkono ulio mwepesi kwake ndio ulio mbaya, huanza kuona kwamba kuna jambo lisilo sawa ndani yake mwenyewe.

Katika Jamii

Jamii nayo ina sauti yake, na sauti hiyo imo ndani ya lugha. Sisi husema mkono wa kulia, yaani mkono wa kulia chakula. Tena husema mkono wa kuume, na watu wa pwani huita wa pili mkono wa kuke. Kwa majina hayo mkono mmoja umepewa chakula na nguvu, na mwingine umepewa unyonge. Wala si sisi peke yetu. Neno la Kilatini lenye maana ya kushoto lilizaa katika Kiingereza neno lenye maana ya uovu, na kwa Waingereza neno la kulia ndilo hilo hilo la haki na usahihi. Mfaransa Robert Hertz, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1909, alieleza kwamba mwili humpa binadamu tofauti ndogo tu baina ya mikono yake, na jamii ndiyo huijenga tofauti hiyo hata ikawa jambo kubwa la heshima na najisi.

Vyombo vyetu pia vimetengenezwa kwa kuwafikiria walio wengi. Mkasi wa kawaida huumiza vidole vya mwenye shoto wala haukati vizuri. Mwandiko wetu huanza kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo mkono wa kushoto hupita juu ya herufi zilizokwisha kuandikwa, ukazificha na kuzichafua. Atakayedhani kwamba kosa ni la mkono na amtazame mtoto anayeandika herufi za Kiarabu chuoni. Huko mwandiko huanza kulia kwenda kushoto, na ni mkono wa kulia unaofuata nyuma na kulazimika kujihadhari usifute wino. Ugumu basi hutoka katika njia ya kuandika, nasi tumeuhesabu kuwa upungufu wa akili ya mtoto.

Mtoto Mwenyewe

Mtoto aliyekwisha kukanywa nyumbani na kuchekwa na wenzake huja shuleni na msimamo wake tayari. Mwalimu akigeuka kuandika ubaoni, kalamu huhamia kushoto. Mwalimu akirudi, huhamia kulia. Kazi yake haimaliziki, na mwalimu huandika kwamba ni mvivu. Akiitwa ubaoni hukataa kusimama, na mwalimu huandika kwamba ni mkaidi. Hulifunika daftari kwa mkono ili mtu asione mwandiko wake, na mwalimu huandika kwamba ni msiri. Hizo ndizo "tabia" zake tatu, wala hakuzaliwa na hata moja kati ya hizo. Amezifuma mwenyewe, kwa akili yake nzuri, ziwe nguo ya kumkinga na aibu.

Hatusemi kwamba mtoto hana sehemu yake katika jambo hili. Wapo watoto waliokatazwa nyumbani na kuchekwa njiani ambao hata hivyo waliendelea kwa uchangamfu, na wapo waliovunjika kwa neno moja. Mtu huupokea ulimwengu kwa namna yake. Lakini ni mara chache mtoto wa Darasa la Kwanza huweza kujipa moyo asiopewa na mtu mzima hata mmoja, na mtu mzima ambaye mwanachuo ana mamlaka juu yake ni mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe.

Wajibu wa Mwalimu

Hapa ndipo tunapotaka kusema wazi. Walimu wengi, wakishatambua nguvu ya nyumbani na ya jamii, huitumia kama kisingizio. Husema, "Ndivyo alivyolelewa, sisi tufanye nini?" Elimu ya malezi haikutolewa ili mwalimu apate mahali pa kutupia lawama. Ilitolewa ili ajue mzigo ambao mtoto amekuja nao, asije akamwongezea mwingine.

Wako watakaotujibu kwa methali kwamba samaki mkunje angali mbichi, na kwamba ni heri mtoto abadilishwe mapema kuliko ateseke ukubwani. Methali ni ya kweli, lakini haikusema samaki akunjwe kwa upande upi. Tunakiri kwamba watu wengi walibadilishwa mkono na leo wanaandika vizuri. Lakini tuyatazame gharama yake. Katika mwaka wa kwanza wa shule mtoto ana kazi nzito ya kuzitambua herufi, kuzisoma na kuziunda. Tukimwongezea kazi ya kupigana na mkono wake mwenyewe, tunamgawanya akili wakati anapoihitaji yote. Tena tunamfundisha, katika somo lake la kwanza kabisa, kwamba shule ni mahali ambapo mwili wake ni kosa. Faida ya kuandika kwa mkono wa kulia hatuioni ni ipi hata ilipiwe bei hiyo.

Wengine watasema kwamba tunavunja mila. Sivyo. Kula na kusalimiana ni adabu. Kuandika ni ufundi. Mtoto mwenye shoto aweza kabisa kujifunza kula na kumpa mkono mgeni kwa mkono wa kulia, kama wazazi wake wanavyotaka, na mwalimu aheshimu mafundisho hayo. Lakini kalamu haimo katika sinia la chakula. Mwalimu akiwaeleza wazazi tofauti hiyo kwa upole, akawaambia kwamba shule haikusudii kumwondolea mtoto wao adabu, wengi watamwelewa.

Ama viboko, hapana haja ya maneno mengi. Nchini Kenya adhabu hiyo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Nchini Tanzania kanuni za mwaka 2002 ziliiwekea mipaka, itolewe kwa makosa mazito, na mwalimu mkuu au mtu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Mkono wa kushoto si kosa zito wala jepesi. Anayempiga mtoto kwa ajili yake amekosa kwa sheria na kwa ualimu.

Namna ya Kumsaidia

Mwanachuo atauliza: basi nikimpata mtoto wa namna hii nifanye nini? Tunapendekeza hatua zifuatazo, ambazo hazihitaji fedha.

1. Mtazame kabla ya kumpa kalamu. Katika juma la kwanza waache watoto warushe mpira, waokote vijiwe vya kuhesabia na wachore mchangani. Angalia mkono unaotangulia bila kuamriwa. Usimwulize mbele ya wenzake.

2. Mkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani. Ugomvi mwingi wa dawati la watoto watatu huisha kwa hatua hii moja.

3. Daftari lake liwe kidogo upande wa kushoto wa kifua, na sehemu ya juu ya daftari ielekee kulia. Wenzake huliinamisha upande wa pili. Usimlazimishe kufanana nao.

4. Ashike kalamu ya risasi juu kidogo, kiasi cha sentimita 3 kutoka nchani, aone anachoandika. Mkono ukae chini ya mstari, usijikunje kuuzunguka kutoka juu.

5. Unapomwonyesha kazi ya mikono, kama kufuma au kufunga fundo, kaa mkabala naye, mkono wako wa kulia ukabiliane na wake wa kushoto. Ataifuata kazi kama aonavyo sura katika kioo.

6. Asipoikata herufi "t" kwa kuvuta mstari kutoka kushoto, mwache. Sahihisha herufi ilivyo, usisahihishe mkono ulioiandika.

7. Neno la kwanza likitamkwa darasani kwa dhihaka, lizime siku hiyo hiyo. Watoto huutazama uso wa mwalimu kabla ya kuamua kama wacheke.

Hatua hizi ni za mtoto mwenye shoto, lakini fikira iliyo ndani yake ni ya watoto wote. Anayechelewa kila siku, anayesinzia saa nne, asiyejibu hata aulizwe mara tatu, kila mmoja ameletwa pale alipo na mambo ya nyumbani, ya mtaani na ya moyoni mwake. Kabla hatujaandika neno "tabia" katika ripoti yake, yafaa tujiulize maswali matatu: Amefundishwa nini huko atokako? Watu humwita nani? Naye, kutokana na hayo, amejifikiria kuwa nani? Kisha liko la nne, ambalo ni letu: Tangu alipoingia darasani mwetu, tumeyathibitisha hayo, au tumempa sababu ya kuyatilia shaka?

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Sisi walimu tu mmoja wa mikono hiyo, na hatuwezi kuyatengua yote yaliyofanywa na mingine. Lakini kesho asubuhi mwanachuo atakapoingia darasani na kumwona mtoto akiihamisha kalamu kwa hofu, anaweza kufanya jambo moja bila kusubiri mzazi wala jamii: amwambie kwa sauti ya kawaida, kila mtu akisikia, aandike kwa mkono autakao.