Bahari Huanzia Mlimani

Mvuvi wa Jibondo au wa Kilindoni akiona kwamba leo safu hii inazungumzia Tukuyu, bila shaka atashangaa. Tukuyu ni nchi ya migomba, chai na viazi, na hakuna aliyewahi kusikia ngalawa ikishushwa huko. Hata hivyo tunamwomba ndugu yetu huyo wa kisiwani asifunue ukurasa wa pili upesi, kwa kuwa jambo tunalotaka kulieleza linahusu riziki yake. Tunawaomba pia wakuu wa serikali, hasa wale wanaodhani kwamba mambo ya samaki ni ya Idara ya Uvuvi peke yake, watusikilize.

Wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kupita zote katika Tanzania. Mjini Tukuyu mvua ya mwaka mmoja hupita milimita 2,000. Maji hayo hayakai mlimani. Yale ya upande wa kusini huingia katika mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo, yakateremka Kyela hadi Ziwa Nyasa; na ziwa nalo hutoka kwa mto Shire, unaoungana na Zambezi na kuingia Bahari ya Hindi huko Msumbiji. Kaskazini, mgongo wa milima ya Uporoto ndio mpaka wa maji. Upande wake wa pili vijito huteremkia bonde la Usangu, vikawa Ruaha Mkuu, na Ruaha ukaungana na Rufiji, ambao humwaga maji yake mbele ya kisiwa cha Mafia. Mtu akisimama juu ya mgongo huo na kumwaga kata mbili za maji, moja kulia na moja kushoto, moja yaweza kwenda Msumbiji na nyingine ikaenda kwa mvuvi wetu wa Kilindoni.

Maji hayo hubeba udongo. Mteremko ukilimwa hadi ukingoni mwa mto, bila matuta ya kukinga maji wala mti wa kushika ardhi, mvua ya usiku mmoja huondoka na rutuba iliyochukua miaka mingi kujengeka. Wa kwanza kuumia ni mkulima mwenyewe. Wa pili ni samaki. Katika Ziwa Nyasa yupo mbasa, samaki mwenye sifa kubwa mezani, ambaye wakati wa mvua huacha ziwa akapanda mito ili atage mayai penye changarawe safi na maji yaendayo. Tope likiifunika changarawe hiyo, mayai hukosa hewa na kufa. Na pale ambapo nyavu zimetandazwa mdomoni mwa mto kutoka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile, mbasa hata hapati nafasi ya kufika huko. Wanaofanya hivyo wanamvua samaki pamoja na watoto wake na wajukuu wake.

Huku baharini mambo ni yale yale, ila yana uzito zaidi. Delta ya Rufiji ina mikoko mingi kuliko mahali pengine popote katika Afrika ya Mashariki, na humo ndimo kamba wadogo wanamokulia kabla ya kutoka kwenda bahari kuu. Katika maji kati ya delta na Mafia ndimo nguva wachache waliobaki nchini wanamotafuta majani ya bahari. Mikoko inahitaji tope la mto, na kamba wanahitaji maji yaliyochanganyika, si ya chumvi tupu wala ya mto matupu. Kumbe matumbawe, ambayo ndiyo makao ya changu, pweza na kamba-koche, hayapendi tope hata kidogo. Yanaishi kwa mwanga wa jua unaopenya maji safi. Ndiyo maana matumbawe mazuri ya Mafia yako upande wa mashariki na kusini, mbali na mdomo wa Rufiji. Basi mto ukileta tope kupita kiasi unaua, na mto usipoleta kitu unaua pia: maji ya chumvi hupanda ndani ya delta yakaharibu mashamba ya mpunga, na bahari ikaanza kula ukingo wa nchi.

Hayo ya pili si ya kubuni. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, jambo ambalo wazee hawakulizoea. Ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero, na Ruaha ni mchangiaji mdogo. Lakini mdogo akikatika, mkubwa hubebeshwa mzigo wake. Mwaka 2006 wafugaji pamoja na mifugo yao waliondolewa Ihefu, na bado kiangazi kilipofika mto ulikauka, kwa kuwa mifereji ya mashamba ya mpunga iliendelea kunywa. Tunakumbusha habari hiyo kwa makusudi. Ni rahisi kumwondoa mtu mwenye fimbo. Ni kazi kufunga mlango wa mfereji wa mwenye shamba kubwa. Na sasa Bwawa la Julius Nyerere, ambalo lilianza kujazwa Desemba 2022, limesimama katikati ya mto. Umeme wake tunauhitaji. Lakini udongo uliokuwa ukifika delta sasa hutua bwawani, na kila tani inayoporomoka kutoka milimani huku inapunguza umri wa bwawa huku ikiwa haimfai tena mkaazi wa delta.

Sheria ipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa na bahari. Lakini mwenye eka moja ya migomba Rungwe hawezi kuambiwa tu aondoke meta 60. Huenda meta hizo ndizo shamba lake zima. Apewe miche, apewe mtaalamu wa kumwonyesha matuta, aruhusiwe kuvuna miti ya matunda na majani ya mifugo katika ukanda huo bila kuugusa udongo kwa jembe. Tena sheria hiyo hiyo ipimwe kwa kamba moja ufukweni, ambako majengo ya kitajiri yanasogelea maji bila mtu kuuliza.

Mvuvi wa kisiwani naye hana ruhusa ya kuelekeza kidole mlimani huku mkono mwingine umeshika juya. Mafia ilipata Hifadhi ya Bahari mwaka 1995, ya kwanza katika nchi, na wanaoivunja mipaka yake usiku si watu wa Tukuyu. Anayekata mikoko kwa boriti, anayepiga baruti, anayeokota pweza asiyefikia uzito, wote wanafanya kazi ile ile ya tope.

Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa imekuwa na ofisi mjini Tukuyu, na ile ya Rufiji iko Iringa. Tunataka vikao vya bodi hizo viwe na wavuvi wa Kyela na wa Mafia ndani yake, wakae meza moja na wakulima na wenye mashamba ya mpunga, nauli yao ikiwa katika bajeti wala si katika ahadi. Na kwa Halmashauri ya Rungwe tunalo ombi moja tu kwa mwaka huu: mvua za huko huanza Novemba, vigingi vya meta 60 kando ya Kiwira viwe vimekwisha pigwa, na miche iwe mikononi mwa wakulima, kabla ya mwezi huo.