Mwimbaji Akiitwa Kwenye Filamu, Asome Karatasi Kwanza

Leo naomba tuzungumze jambo lililoingia dukani kwangu kwa mlango wa gauni.

Miezi kadhaa nyuma alikuja binti mmoja mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Huimba taarabu kwenye harusi zetu, na pengine baadhi yenu kashakuimbieni bila ya nyinyi kulijua jina lake. Aliitwa kucheza filamu, na humo yeye ni bibi harusi. Akataka gauni jeupe, mikono mirefu, lisibane, na shela ya lulu. Nikamshonea. Bei nikampunguzia, na kusema kweli nikajisifu kwa mashoga zangu kwamba kazi yangu itaonekana kwenye filamu.

Filamu ikapigwa. Kabla haijatoka yenyewe, zikatoka picha. Moja binti kakaa ubavuni mwa kijana, anavishwa pete, na nyuma yao kasimama mzee wa kanzu na joho kama kadhi. Picha ikaingia kundi moja la WhatsApp, ikatoka ikaingia jengine, na ilipofika Pemba ilikuwa haina tena neno "filamu". Na Pemba ndiko kwao kijana aliyemposa kweli. Shangazi yake akauliza swali moja tu: "Huyu si ndiye tuliyempelekea pete sisi?"

Posa haikuvunjika, alhamdulillah. Lakini ilibidi wazee wawili wavuke bahari kwenda kueleza, na kwa mwezi mzima binti wa watu alikuwa hana usingizi. Mbele ya watu hakulia. Alikuja kulia kwangu, kakaa juu ya robota la vitambaa. Nikamuuliza, "Ulisaini nini, mdogo wangu?" Akanijibu, "Sikusaini kitu, dada. Walinipa nauli na chakula, wakasema malipo filamu ikiuzwa."

Basi watu wakaanza kusema: ndiyo malipo ya mwimbaji kuacha udi na kinanda akakimbilia kamera. Mimi hapo sikubaliani. Najua wapo kati yetu ambao muziki wenyewe kwao una maneno, na siwalaumu, kila mtu na sheikh wake. Lakini kama mtu tayari ni mwimbaji, kosa lake si kuigiza. Kosa ni kuingia kazi ya watu bila ya sharti hata moja.

Waimbaji kuingia kwenye filamu si jambo la leo. Misri, ambako taarabu yetu ilikochota mengi, walianza zamani. Mohamed Abdel Wahab alicheza "Al-Warda al-Bayda" mwaka 1933. Umm Kulthum akafuata na "Widad" mwaka 1936, na hadi "Fatma" ya mwaka 1947 alikuwa ameshacheza filamu sita. Nyimbo na filamu hizo zilifika mpaka hapa Unguja, na waulizeni bibi zenu watakwambieni.

Huyu Umm Kulthum ni mtoto wa imamu wa kijijini. Alisoma Qur'ani chuoni, na alipoanza kuimba kasida udogoni baba yake alimvalisha nguo za kiume ili asisemwe. Mtu wa malezi hayo hakuingia kwenye filamu kichwa kichwa. Alikuwa na kauli katika hadithi, katika nyimbo na katika watu wa kufanya nao kazi. Tazameni na nafasi alizocheza: katika "Widad", "Dananir" na "Sallama" yeye ni mwimbaji wa zama za kale, kwa hiyo hakulazimika kuiacha sauti yake mlangoni. Na alipoona basi, aliacha filamu akarudi kwenye kuimba, na heshima yake ikazidi kupanda.

Na hapa kwetu upo mfano. Siti Amina, mwimbaji na mpiga udi, alicheza kama Mwajuma katika "Vuta N'kuvute", filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Hadithi ya Unguja, lafudhi ya Unguja, na mwimbaji wa Unguja ndani yake. Filamu ikihitaji mtu wa aina hiyo, nani atamfaa kuliko mwimbaji wetu wenyewe? Tukikataa sisi, watamleta mtu wa kwengine aige kusema kama sisi, kisha tukae tunacheka lafudhi yake.

Kwa hiyo binti akiniuliza, nitamwambia nenda. Lakini mimi ni fundi, na fundi hakati kitambaa kabla ya kupima, kwa sababu kikishakatwa hakirudi. Picha nayo ndiyo hivyo. Bi Shadia wa Misri alikuwa mwimbaji na mwigizaji mkubwa. Katika miaka ya 1980 akaacha kazi hiyo, akavaa hijabu, na akaishi hivyo mpaka alipofariki mwaka 2017. Yeye aliacha, lakini filamu zake hazikuacha, mpaka leo zinaonyeshwa. Basi ukisimama mbele ya kamera jiulize: hii picha nitaridhika nayo nikiwa na wajukuu?

Sasa masharti, na niyataje moja moja.

Kwanza, uisome hadithi yote, si ukurasa wako tu. Ujue unavaa nini, unashikwa au hushikwi, na nani anakaa karibu yako. Lile usilolitaka liseme kabla ya siku ya kazi, maana siku ya kazi watu thelathini wanakusubiri na wewe utaona haya kukataa.

Pili, iwepo karatasi. Malipo kiasi gani, lini, na picha za nyuma ya kamera nani ana ruhusa ya kuzitoa. Msingojee kulindwa na Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Kazi yake ni kukagua filamu, haiwezi kukusainia mkataba wako.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, ni nikahi ya kuigiza. Tumefundishwa, kwa hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba yako mambo matatu ambayo hata mtu akiyafanya kwa mzaha huhesabiwa kweli: nikahi, talaka na rejea. Ni kweli kwamba nikahi ina nguzo zake, walii na mashahidi, na baba wa filamu si walii wa mtu. Lakini mimi nasema, kwa nini tuyachezee maneno hayo kabisa? Harusi inaeleweka bila ya kusomwa. Onyesha bibi harusi anapakwa hina, onyesha vikuba vya asumini, onyesha akina mama wanapiga vigelegele, kisha ruka mpaka kwenye biriani. Mtazamaji si mjinga. Na mume na mke wa kweli wakicheza pamoja, neno la talaka wasilitamke kabisa, hata wakiongezwa pesa. Kabla ya kazi kama hizo, muulize sheikh wako, si muongozaji.

Na sisi watazamaji tuna letu. Ile picha haikwenda Pemba kwa miguu yake. Sisi ndio tuliyoisukuma, na naungama kwamba hata mimi niliituma kwa watu wawili, nikitaka walione gauni. Sikuandika kwamba ni filamu. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutokujua. Nilimwomba binti radhi, akanisamehe, lakini nimejifunza. Kuna na waimbaji ambao hutoa picha za harusi makusudi, wakaacha watu wawape hongera wiki nzima, kisha waseme ilikuwa filamu. Hiyo si sanaa, ni kuchezea dua za watu.

Maharusi wangu, msidhani hili haliwahusu kwa kuwa hamuimbi wala hamuigizi. Siku hizi kila harusi ina mpiga video, na mpiga video naye anataka kuwa muongozaji wa filamu. Nimeshasikia kwa masikio yangu, nikiwa naweka sawa shela, bwana harusi anaambiwa, "Rudia kidogo pale pa kukubali, kamera haikuchukua." Jamani! Nikahi haina kurudia kwa ajili ya kamera. Nanyi muwe na karatasi na mpiga video wenu: nani ataziona picha zenu bila ya shela, nani anabaki nazo, na zisitolewe popote bila ya ruhusa yenu. Dini yetu imempa mwanamke haki ya kuweka masharti hata kwenye ndoa yake, na Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kwamba masharti ya ndoa ndiyo yanayostahiki zaidi kutimizwa. Ikiwa mume anaekewa sharti, mwenye kamera ni nani?

Yule binti harusi yake ya kweli ni baada ya mfungo mosi, inshallah. Lile gauni la filamu hakulitaka tena, nami sikumlaumu. Nimemkatia jengine, na safari hii hakuna mtu atakayeona picha yake kabla ya mumewe. Filamu ya pili wameshamwita. Ameniletea karatasi niisome naye kabla hajasaini, tukakaa nayo dukani mpaka alasiri, na mawili tumeyafuta kwa kalamu. Wenye filamu wamekubali.

Allah awasitiri mabinti zetu, wanaoimba na wasioimba, na awape maharusi wetu ndoa zenye kheri. Amin.